Pudini Baridi ya Mkate na Zambarau: Majibu kwa Wasomaji

Juma lililopita nilieleza jinsi Waingereza wanavyotandika vipande vya mkate ndani ya bakuli, wakajaza matunda madogo ya kiangazi yaliyochemshwa kidogo na sukari, kisha wakaigandamiza pudini hiyo usiku kucha kwenye baridi. Haya ndiyo maswali yaliyonifikia.

Shikamoo, Mama. Huku Shela sipati rasiberi. Nitumie nini?

Marahaba, mwanangu. Tumia zambarau, ambazo binafsi nazipenda kuliko hata stroberi za dukani, kwa kuwa rangi yake hupenya mkate wote na ukali wake hauiachi sukari itawale. Zichemshe kwa moto mdogo na maji kidogo mpaka zilainike, zisugue kwenye chujio ili kokwa zibaki, kisha urudishe rojo motoni pamoja na sukari, maji ya ndimu na chumvi kidogo ya kupunguza ukakasi. Bakuli la lita 1 huhitaji takriban gramu 800 za rojo na gramu 150 za sukari. Sukari ikishayeyuka, epua mara moja, kwa sababu rojo likiwa zito kama jemu haliingii ndani ya mkate. Liwe jepesi kama uji wa kunywa. Ukijaliwa forosadi, zitie nzima.

Pudini yangu ilitoka na mabaka meupe, ikapasuka nilipoipindua. Nilikosea wapi? (Msomaji wa Malindi)

Nadhani mkate ulikuwa wa siku ileile na rojo halikutosha. Boflo la jana, lililokauka kiasi, hunyonya maji bila kugeuka ubwabwa. Ondoa ganda la nje, chovya upande mmoja wa kila kipande katika rojo, uuelekeze upande huo kwenye bakuli, na upandanishe kingo ili pasibaki mwanya hata mdogo. Baada ya kufunika juu kwa mkate, weka sahani inayoingia ndani ya bakuli, na juu yake makopo mawili yaliyojaa, kwa muda usiopungua saa 8. Mimi huweka kando kikombe kimoja cha rojo, nikakimimina palipobaki peupe.

Mkate wa kumimina unafaa? (Langoni, Lamu)

Haufai. Tayari una sukari, na tui lake huwahi kuchacha.

Umeme ukikatika usiku, niitupe? (Barani, Malindi)

Si lazima, dada yangu. Friji isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban saa 4, na pudini hii haina maziwa wala mayai. Hata hivyo, kwa joto letu, ikianza kunuka uchachu usimpe mtu. Malai, au tui zito lililokamuliwa siku hiyohiyo, litiwe wakati wa kuandaa tu. Yale maganda ya boflo yaanike, uyasage, uyatumie kwa katlesi.