Nyenje jike hakuifuata simu: hachagui, au hakumtambua aliyeimba?

Swali: Jambo Prof. Niko mwanafunzi wa biolojia hapa Bukavu, naandaa TFE (kazi ya kumaliza masomo) juu ya namna nyenje jike anavyochagua dume. Nilirekodi mlio wa nyenje kwa simu, saa tatu usiku, nyuma ya nyumba yetu Bagira. Kesho yake saa sita mchana nikamweka jike ndani ya beseni chumbani na kumsikilizisha ule mlio. Hakusogea. Dume niliyekuwa naye kwenye kopo pembeni alijibu papo hapo. Mwalimu anayeongoza kazi yangu anasema labda majike hawachagui, humpokea yeyote atakayewafikia. Ni kweli?

Jibu: Jambo dada. Usiikatie tamaa simu yako. Mwaka 1913 Johann Regen, akifanya kazi Vienna, alipitisha mlio wa dume kwenye waya wa simu za wakati ule, na jike wa upande wa pili akakifuata kipokezi. Hakumwona dume wala hakumnusa. Sauti peke yake ilimtosha. Wazo lako basi ni zuri. Kilichokuharibia, naona mimi, ni joto.

Nyenje hana joto lake mwenyewe kama sisi. Usiku wa Bagira unapopoa, misuli ya mbawa zake hupoa pia, na mapigo ya mlio huenda taratibu. Mchana chini ya mabati yangekwenda mbio. Ndiyo maana Amos Dolbear aliweza, mwaka 1897, kutoa hesabu ya kukisia joto la hewa kwa kuhesabu milio. Lakini linalokuhusu zaidi ni upande wa jike. Thomas Walker alionyesha mwaka 1957, kwa nyenje wa mitini wa Marekani, kwamba matakwa ya jike nayo hubadilika na joto: akiwa mahali pa joto hutaka mlio wa kasi, ule ule ambao dume wa jamii yake, yaani aina yake ya nyenje, angeutoa kwenye joto hilo. Wewe ulimpa jike wa saa sita mchana wimbo wa saa tatu usiku. Kwake yule aliyeimba alikuwa mgeni.

Kwa nyenje kasi ya mapigo ndiyo kitambulisho. Mchukue nyenje mweusi wa mashambani, Gryllus bimaculatus, anayeishi sehemu nyingi za Afrika. Sauti yake iko karibu na hertzi 5,000, na kila mlio una mapigo machache yanayofuatana kwa kasi ya 25 hadi 30 hivi kwa sekunde. Jike huyasikia kwa miguu ya mbele: sikio liko chini kidogo ya goti. Ukiyabadilisha sana mapigo hayo, mara nyingi hatageuka hata ukiongeza sauti.

Tena, una hakika ulimrekodi nani? Nyuma ya nyumba moja usiku mmoja zinaweza kulia jamii kadhaa, na wengine wanafanana machoni kabisa. Aliyelia si lazima awe ndugu wa yule uliyemkamata. Mfuate mwimbaji kwa tochi, mkamate, mweke kwenye alkoli na namba ya rekodi yake. Kama ulirekodi senene badala ya nyenje, shida inaongezeka: mlio wake uko juu zaidi, na faili ikipitia WhatsApp sauti hubanwa.

Jibu la dume wako halithibitishi kitu. Alikuwa anamjibu mshindani, na kwa kawaida dume akikosea hapotezi mengi. Australia, Gwynne na Rentz waliandika mwaka 1983 juu ya mbawakawa madume waliokazana kupanda chupa za bia za kahawia wakidhani ni majike! Jike mwenye mayai akikosea jamii anaweza kupoteza uzazi wake wote, kwa hiyo ana sababu ya kuwa mgumu.

Sasa neno la mwalimu wako. Kwa heshima yake, si kweli, ila jaribio lako lisingeweza kumpinga. Mlio mmoja unauliza tu, "huyu ni wa kwetu?" Kujua yupi anapendwa kati ya wa kwetu, unahitaji spika mbili na jike katikati. Hapo wengi huanguka kwa jambo dogo: umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6, hivyo jike anayekwenda kwa spika iliyo karibu huenda amefuata njia fupi tu. Sawazisha sauti pale anaposimama, kisha badilisha pande. Baada ya hapo ndipo ujaribu vitu vinavyotofautiana kati ya dume na dume, kama ukubwa wa sauti au muda wa kuimba, maana kuimba kunakula nguvu.

Hata akifika hajamaliza kuchagua. Hugusana kwa vipapasio na kuionja harufu ya ngozi, na dume hubadilisha wimbo kuwa wa chinichini. Wakishapandana, kifuko cha mbegu hubaki kinaning'inia nje ya mwili wa jike, naye anaweza kuking'oa na kukila kabla hakijamwaga chote. Sijui hapo "yeyote" wa mwalimu wako ameingilia wapi.

Jike uliyemkamata nje pengine alikwisha kupandwa, na wa hivyo huwa mzito kuitikia. Chukua watoto wasio na mbawa kamili, uwalee. Wakijibambua ngozi mara ya mwisho, watenge na madume kwa wiki moja hivi. Jaribu usiku, weka kipimajoto, andika nyuzi za kurekodi na za kuchezesha. Usiilaze simu ndani ya beseni, kwa sababu nyenje huhisi mtikisiko kwa miguu, na uzime data: ujumbe ukiingia katikati ya wimbo, jike ataruka, nawe utaandika kwamba ameitikia.