Simu yatosha kurekodi tenzi Lamu?

Umeuliza kama simu inatosha kurekodi wazee wakighani tenzi. Yatosha, ndugu yangu; adui ni upepo. Mimi nilirekodi barazani kusi ikivuma, nikarudi na vuuu tupu, na punda akilia katikati ya ubeti. Ingieni ndani, kuta nene za matumbawe hukata kelele. Maiki ndogo ya kubana kwenye kanzu, yenye sifongo, ndiyo ya kununua kwanza. Kwenye simu chagua faili la sauti la aina ya WAV, si MP3, kwani MP3 hutupa sehemu ya sauti, na Kiamu, lahaja ya Lamu, hutenganisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi tu inayotoka kwenye p. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, unacho? Na mzee mwachie nakala kwenye flashi.