Mtanzania kufundisha Kiingereza Uganda: yangu ya miaka minne Fort Portal

Dada uliyeuliza kama mwalimu wa sekondari wa Dar anaweza kuacha kazi, akahamia Uganda, akafundisha Kiingereza saa chache kwa wiki na kuishi bila presha: inawezekana, mimi naishi hivyo hapa Fort Portal, mji wa magharibi mwa Uganda. Ila jiandae kuchekwa. Mtanzania kupeleka Kiingereza Uganda ni sawa na kupeleka ndizi Bukoba. Nikiwa njiani Masaka, konda wa teksi (huku teksi ndiyo daladala) aliniuliza nakwenda kufanya kazi gani. Nilipomjibu, akawatangazia abiria kwa Kiganda, na gari zima likaangua kicheko.

Walikuwa na haki yao. Mimi shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili, wakati watoto wa mjini huku wanaandika insha za Kiingereza kabla meno ya utoto hayajaisha.

Nilianza vibaya: nikaingia shule binafsi, kazi ya kutwa. Vipindi 30 kwa wiki, madaftari yasiyoisha, na mshahara unaosubiri wazazi walipe ada. Muhula wa pili ulipoisha nikaondoka, nikawaachia mwezi mmoja na nusu ambao nimeshausamehe. Kwa hiyo kama unakimbia kazi ya kutwa Mbagala, usije kuomba kazi ya kutwa huku. Utakuwa umehama anwani tu.

Walionihitaji kweli nilikutana nao nilipopeleka suruali kwa fundi. Fundi mwenyewe ni mama wa Beni, Kongo. Alinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu, akasimamisha cherehani. "Mwalimu, huku wanatufundisha Kiingereza kwa Kiingereza. Sasa mtu ataingilia wapi?" Wiki iliyofuata walikuwa watu sita kwenye chumba cha kanisa. Leo ni 14.

Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sheria yake ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kwenda watakako. Lakini ofisi, hospitali na shule vinaendeshwa kwa Kiingereza, na mtu wa Beni au Butembo amekuja na Kinande, Kiswahili na Kifaransa. Hapo Kiswahili chako ndiyo mtaji, kuliko hata cheti chako.

Nikupe mfano. Muuguzi mmoja, kazini miaka 11 huko kwao, alinionyesha barua yake ya kuomba kazi: "I demand a job in your hospital." Alikuwa ameshaipeleka sehemu tatu, hakuna aliyemjibu. Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba tu, tena kwa adabu. Kwa Kiingereza amedai kazi kama anayedai deni la mboga. Nilipomweleza kwa Kiswahili alikaa kimya, akaisoma tena, kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Mwalimu asiyejua wanakotoka angeweka alama ya kosa na kupita. Makosa ya namna hiyo ni mengi: "I have thirty years" kwa mtu wa miaka 30, "library" akimaanisha duka la vitabu. Halafu kuna la kwetu sote, "he" na "she". Yeye ni yeye bwana! Hata mimi nikichoka, dada yangu anageuka "he".

Na wao wamenifundisha. Nilikuja na Kiingereza cha vitabuni, wakaniambia kwenye teksi hakuna anayesema hivyo. Huku ukitakiwa kusogea unaambiwa "extend". Unafagia uwanja, hujafika hata nusu, jirani anapita na "well done": ni salamu, kama sisi tunavyosema pole na kazi. Usipoonekana wiki mbili, "you are lost", na hapo hata tafsiri haihitajiki, umepotea! Sasa nusu saa ya kila somo ni ya Kiingereza cha mtaani.

Hela. Darasa la kanisani kila mmoja anatoa shilingi 5,000 za huku kwa wiki, na kila wiki kuna wawili watatu hawana. Kinachonibeba ni familia tatu za wenyeji wa huku zinazotaka watoto wao wajue Kiswahili, shilingi 25,000 kwa somo. Tangu Baraza la Mawaziri liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, wazazi wengine wameanza kuona mbali. Kwa mwezi napata kama 550,000, kodi ya nyumba ni 200,000, na nina kibanda Bukoba kinachonipa kodi kidogo. Bila hicho kibanda ningerudi zamani. Akiba sina.

Lakini Jumatatu na Ijumaa sifundishi. Mapema asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, naiona milima ya Rwenzori nikiwa na chai mkononi. Ikifika saa tatu imeshajifunika. Jumatano najipitisha soko la Mugusu. Mvua ikipiga bati darasani hatusikilizani, basi tunaandika tu mpaka ipite.

Mwenye nyumba wangu, bibi wa Kitooro, mwanzoni hakupenda Kiswahili changu. Kwa watu wa umri wake ni lugha ya askari wa Amin. Mimi ni Mhaya, nikajaribu kumwamkia kwa Kihaya, na kwa kuwa lugha zetu ni ndugu akanielewa. Akaniuliza empaako yangu. Watooro wana majina 12 ya heshima, na salamu bila jina hilo ni kama chai bila sukari. Sikuwa nalo. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe ni Araali." Tangu siku hiyo sokoni hakuna anayeniita mwalimu.

Vibali: Mwana Afrika Mashariki anapewa miezi sita mpakani bure, lakini hiyo ni ya kutembea. Ukitaka kufundisha, hata saa mbili kwa wiki, omba kibali cha kazi mapema kwa njia ya mtandao. Kibali changu cha kwanza kilikuwa cha shule ile, kwa hiyo nilipoondoka ilibidi nianze upya kupitia kituo cha kanisa, na nilikaa miezi mitatu bila kushika chaki. Njoo na akiba ya miezi sita.

Umesema una mtoto wa darasa la tatu anayesoma kwa Kiswahili. Huku watamrudisha darasa moja, pengine mawili. Mwanzishie Kiingereza sasa hivi, kila jioni, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.