Mpango wa hifadhi ukipitiwa upya, anzeni na ule wa zamani

Mpango wa usimamizi wa Hifadhi ya Bahari ya Mombasa unapofanyiwa mapitio, wengi wetu wa Nyali, Bamburi na Shanzu hukimbilia kupeleka malalamiko mapya. Nimekaa kwenye mikutano hiyo kama mwanachama wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, na ushauri wangu ni huu: ombeni kwanza nakala ya mpango unaomaliza muda wake, tena kwa maandishi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka wananchi washirikishwe, kwa hivyo hamuombi hisani.

Usomeni pamoja kwa sauti, mtu atafsiri, maana Kiingereza cha ofisini huwaacha wazee wengi nje. Kila penye ahadi, ulizeni imetimizwa au la. Mimi nayashikilia sana maboya ya mpaka. Eneo lisiloruhusiwa kuvuliwa kabisa ni kama kilomita za mraba 10, ndani ya eneo la akiba la kama 200 ambamo uvuvi wa kienyeji unakubaliwa. Boya likikatika wakati wa kusi, mvuvi anayetega malema, mitego yetu ya samaki, atajuaje amevuka? Akikamatwa, familia nzima inalala njaa.

Kisha tandazeni ramani mbele ya wenye bahari. Mzee mmoja aliigeuza mpaka mlango wa Mtwapa ukawa mkono wake wa kulia, kama anavyouona akirudi pwani, ndipo kidole kikaanza kutembea: hapa tafi hukusanyika, hapa boti za watalii hutia nanga juu ya matumbawe. Mpeni kalamu aweke alama mwenyewe, na ramani hiyo iambatanishwe na kumbukumbu za mkutano.

Tarehe nayo ni muhimu. Msikubali mkutano wa asubuhi siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana. Maji yakipwa, wachokoa pweza wako mwambani, na wengi wao ni kina mama ambao sauti zao hukosekana.

Hifadhi ilianzishwa 1986. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi, hata ndani ya eneo lililolindwa. Mpango mpya useme wazi maji yakipata joto tena nani atapunguza boti juu ya matumbawe, na kwa fedha zipi.

Karatasi ya mahudhurio isichukuliwe kuwa ni kukubali. Kabla ya kutawanyika, ulizeni rasimu italetwa lini kwenu, na tarehe hiyo iandikwe.