Maswali ya Wasomaji: Ndege wa Uani na Kamera Yako

SWALI: Shikamoo mwalimu. Majira ya machipuko yamefika na uani kwetu ndege wamejaa tangu alfajiri. Nina kamera yenye lenzi ya milimita 300, lakini kila nikimnyemelea ndege anaruka. Nikibahatika kumpata, anatoka mdogo mno, mweusi, na anga jeupe nyuma yake. Tena kuna jozi imejenga kiota kwenye ua wa miti, ila majani yanaziba. Je, nikiyapunguza kidogo nipate picha ya makinda, kuna ubaya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na kiota, maana hilo halingoji: usiguse hata jani moja. Majani hayo ndiyo paa la makinda. Ukiyaondoa, jua litawachoma, mvua itawalowesha, na kunguru aliyekuwa akipita bila habari ataona ndani. Hata kusimama karibu tu kunawanyima chakula, kwa kuwa makinda ya ndege wadogo hulishwa mara nyingi kila saa. Ukimwona mzazi ana mdudu mdomoni, anahama tawi hadi tawi huku akilia na haingii kiotani, ujue wewe ndiye unayemzuia. Ondoka hapo hapo. Wengine hususa kiota, wengine hushambulia: Eric Hosking, mpiga picha za ndege Mwingereza, alipoteza jicho moja mwaka 1937 baada ya kupigwa na bundi karibu na kiota.

Makinda utayapata bila kiota. Ya ndege wengi wadogo, yakishatoka, hukaa matawini siku kadhaa yakiomba kwa midomo wazi, na wazazi huyalisha mwangani. Mimi naipenda picha hiyo kuliko yoyote ya kiotani.

Sasa tuje kwenye kunyemelea. Acha kumfuata ndege. Chagua mahali, umngoje. Keti asubuhi kadhaa bila kamera, utazame tu. Dume anayeimba majira haya anatangaza eneo lake, kwa hiyo hurudi kwenye tawi lile lile. Anayejenga naye hupita njia ile ile na nyasi mdomoni. Ukishalijua tawi, kaa upande ambao jua la asubuhi liko mgongoni mwako, na uangalie kilicho nyuma ya tawi. Kiwe mbali: miti ya ng'ambo, kivuli, kilima. Ukuta ulio karibu utaonekana kila ufa, na anga ndilo linalokuharibia picha. Mara nyingi hatua mbili kushoto au kulia zinatosha kubadilisha kila kitu.

Kama hakuna tawi zuri, litengeneze. Weka beseni pana lenye maji ya kina cha sentimita chache, mahali pasipo na maficho ya paka, kisha usimike tawi kavu kando yake. Ndege hupenda kutua kwanza na kutazama usalama kabla ya kushuka kunywa au kuoga. Picha yako ipo kwenye tawi hilo. Maji uyabadilishe kila siku.

Wewe jifiche nyuma ya pazia, dirisha likiwa wazi, kwa sababu kioo hupunguza ukali wa picha. Lenzi yako haina kasoro. Shomoro ana urefu wa sentimita 15 hivi. Akitua mita 5 kutoka kwako, milimita 300 zitamfanya achukue robo ya upana wa picha au zaidi. Akiwa mita 20, anabaki robo ya hapo. Umbali ndio uliokuwa ukikusumbua.

Weusi nao una sababu yake. Kamera huona anga jeupe, ikadhani mwanga umezidi, ikatia giza picha nzima. Ongeza fidia ya mwanga, yaani mpangilio wa kamera wa kuing'arisha au kuitia giza picha, hadi +1 au zaidi. Kwa ndege mweupe mbele ya majani yenye giza, fanya kinyume: punguza, la sivyo manyoya yake yatageuka doa jeupe lisilo na mistari. Kwa ndege aliyetulia, kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde inafaa, anayeoga, 1/1000, anayeruka, anzia 1/2000. Acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600 au hata 3200. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa husafishika baadaye, ukungu wa mtikisiko hausafishiki. Na fokasi iwe jichoni, siku zote.

SWALI: Mimi nina simu tu. Nimeshauriwa nicheze sauti ya ndege iliyorekodiwa ili aje karibu. Unasemaje?

JIBU: Usifanye hivyo, hasa majira haya. Dume akiisikia sauti ile hudhani mgeni amevamia eneo lake, akaacha kulisha na kuanza kumsaka adui asiyekuwepo. Tumia beseni nililolieleza. Funga simu kwenye stendi ya miguu mitatu karibu na tawi, iache hapo ndege waizoee, kisha upige kwa kitufe cha mbali ukiwa ndani. Usivute picha kwa zuum ya kidijitali, maana hiyo hukata tu na kukuza kilichopo. Isogeze simu yenyewe, kidogo kidogo kila siku, mradi ndege wanaendelea kunywa.