Kikao cha wazazi wa Darasa la Kwanza kianzie kwenye dawati la mtoto

Shule zikifunguliwa Januari, haupiti muda mrefu kabla wazazi wa Darasa la Kwanza hawajaitwa kikaoni. Ratiba iliyozoeleka kwenye shule zetu za msingi hapa Tanzania ni ileile: utambulisho wa meza kuu, mwalimu mkuu anaongea, mwenyekiti wa kamati ya shule anaongea, inasomwa taarifa ya michango, yanaulizwa maswali mawili matatu, mengineyo, kufunga. Mzazi amekaa saa tatu chini ya mwembe na hajaona hata daftari moja la mwanawe. Kikao kijacho atamtuma dada wa mtoto aje asikilize ni shilingi ngapi zinatakiwa.

Anayeweza kubadilisha hali hii ni mwalimu wa darasa. Mkutano mkuu wa shule una mahali pake, na kamati ina kazi yake. Ila kikao cha kwanza cha mzazi wa Darasa la Kwanza kifanyike darasani, kichukue dakika 90, na sehemu kubwa ya muda huo mzazi awe amekaa alipokaa mtoto wake, akishika anachoshika mtoto wake.

Anza na siku. Jumamosi inawakosesha Wasabato, Jumapili ina ibada, Ijumaa mchana ina swala, na siku ya gulio kijiji kizima kiko mnadani. Mahali pa wakulima, Januari na Februari huweza kuwa miezi ya palizi, hivyo saa 3 asubuhi mtu bado yuko shambani. Waulize wazazi wanaoleta watoto getini kabla ya kupanga. Wiki moja ya kuuliza inatosha. Barua iwe fupi: siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na sentensi moja inayosema mzazi atakuja kufanya nini. Mfano: "Utaona daftari la mwanao na kujifunza namna ya kumsaidia kusoma nyumbani. Hakuna mchango utakaokusanywa siku hiyo." Sentensi hiyo ya mwisho ina nguvu kuliko zote. Ada imeondolewa kwenye shule za msingi za serikali, lakini mazungumzo ya uji, ya mlinzi na ya karatasi za mitihani hayajaisha, na mzazi asiye na hela huona heri asitokee kabisa. Ukiandika hivyo, basi ahadi hiyo itimie. Suala la chakula cha mchana lina umuhimu wake. Lipangiwe siku nyingine na kamati.

Barua iandikwe "mzazi au mlezi". Watoto wengi wanalelewa na bibi, na bibi akiona "mzazi" peke yake anaweza kudhani hahusiki. Siku mbili kabla, tuma ujumbe wa simu au weka kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na mwombe mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji atangaze.

Darasa likiwa na watoto 90 au 120, usijaribu kuwaingiza wazazi wote kwa pamoja. Wagawe awamu mbili: ya kwanza saa 2:30 hadi saa 4:00, ya pili saa 4:30 hadi saa 6:00. Madawati ya Darasa la Kwanza ni mafupi, kwa hiyo azima viti ofisini kwa ajili ya wazee na wajawazito.

Siku moja kabla, kila mtoto aache vitu vitatu juu ya dawati: daftari la kuandika, daftari la kuhesabu, na karatasi aliyomchorea mzazi wake. Jina la mtoto liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kipande cha boksi na kubandikwa kwenye dawati. Mahudhurio uyaandike wewe mlangoni kwa kuuliza jina. Ukizungusha karatasi ili kila mtu ajiandikishe, asiyejua kuandika anaumbuka mbele ya majirani zake kabla kikao hakijaanza, na hutamwona tena. Hapohapo mlangoni muulize, "Una swali gani ungependa lijibiwe leo?" uliandike. Wengi hawatanyoosha mkono mbele ya watu, lakini mlangoni watasema.

Karibisha kwa dakika tano, kisha fundisha. Naam, wafundishe wazazi kama unavyowafundisha watoto, kwa dakika 15. Chagua herufi moja, tuseme b. Wazazi wengi walisoma kwa majina ya herufi: a, be, che, de. Mtoto akifundishwa nyumbani kwamba hii ni "be" na ile ni "a", akiziunganisha anapata "bea", na neno baba linamshinda. Darasani tunaanza na sauti: midomo inafungwa, inaachia, b, kisha b na a, ba, ba na ba, baba. Waambie wazazi watamke wote kwa pamoja. Watacheka, na hapo utaona mabega yanashuka na watu wanaanza kuongea. Kosa linalofanyika mara kwa mara ni mwalimu kutaka kuonyesha mtaala wote siku hiyo. Herufi moja ikieleweka vizuri, mzazi anaenda nayo nyumbani. Ukiweka kumi, haendi na hata moja.

Kisha wape dakika 25 za daftari, na hapa usiharakishe. Waambie watafute vitu vitatu: tarehe ya mwisho mtoto alipoandika, alama ya mwalimu, na kosa moja ambalo mtoto alilisahihisha. Mzazi asiyejua kusoma ataitambua alama ya vema na ya kosa, na utamkuta dawatini umwelekeze kwa sauti ya chini. Pita dawati kwa dawati. Ukikuta daftari tupu, usitoe maelezo mbele ya watu. Mwambie mzazi huyo abaki dakika chache mwishoni. Wala usisome nafasi za watoto darasani, si ya kwanza wala ya mwisho. Wiki chache za Darasa la Kwanza hazimpimi mtoto, zinamwaibisha mzazi tu.

Mwonyeshe mzazi kazi mbili za nyumbani zisizogharimu chochote. Ya kwanza ni vijiti 20 na kamba mbili: mtoto anahesabu kumi, anafunga fungu, anahesabu tena. Vizibo vya soda au maharage pia vinafaa, ila havifungiki, na lile fungu ndilo linalomsaidia kuelewa makumi na mamoja baadaye. Ya pili ni swali. Mtoto akirudi na kuulizwa "Mmesoma nini leo?" hujibu "hatujasoma". Aambiwe, "Nionyeshe ulipoandika leo, kisha nisomee." Robo saa inatosha, hata kwa mwanga wa simu, na hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza.

Maswali yajibiwe kutoka kwenye orodha ya mlangoni, ukiunganisha yanayofanana. Jiandae kwa swali la mtaala mpya, uliofika Darasa la Kwanza Januari 2024: je, mtoto atamaliza la sita au la saba? Kwa mtaala huo shule ya msingi ni miaka sita. Lijibu kwa kifupi uendelee. Swali la mtoto mmoja, "mbona wangu anapigwa na wenzake", lisijadiliwe hadharani. Liandike na mpe mzazi huyo siku na saa ya kuonana nawe.

Mwishoni kila mzazi aijibu ile karatasi aliyochorewa: neno moja, mchoro, au alama ya kidole gumba kwa wino. Iachwe dawatini, mtoto aikute asubuhi.

Wapo ambao hawatafika, na aghalabu ndio uliowahitaji zaidi. Chagua asubuhi mbili za wiki inayofuata, wakati wa kuleta watoto, umpe kila mmoja dakika kumi: daftari, herufi moja, vijiti. Karatasi ya mtoto ambaye mzazi wake hakuja iondoe dawatini kabla wenzake hawajaingia, uitunze hadi siku hiyo.