Hojaji ya kujithamini: kabla hujasema mashosho wanajidharau

Umeuliza hivi: hojaji ileile ya sentensi 10 imewapa vijana wa kidato cha pili alama za juu na mashosho (akina nyanya) wa chama huko Kayole, Nairobi, alama za chini, je, uandike kwamba uzee unashusha kujithamini? Usiandike bado.

Kagua hesabu kwanza. Hojaji yako ni kipimo cha Rosenberg cha 1965, chenye sentensi 5 za kujikubali na 5 za kujishusha. Kila moja ina alama 1 (sikubali kabisa) hadi 4 (nakubali kabisa), jumla 10 hadi 40. Zile za kujishusha (kwa mpangilio uliozoeleka ni 2, 5, 6, 8 na 9, lakini hakikisha kwenye nakala yako) hugeuzwa kabla ya kujumlisha: toa alama kwenye 5, yaani 4 inakuwa 1, 3 inakuwa 2. Ukisahau, anayejithamini kabisa na anayejidharau kabisa wote wanaangukia 25. Ukishageuza, 25 bado ikague: aliyetia tiki safu moja kutoka juu hadi chini bila kusoma naye hupata 25 kamili.

Hesabu ikiwa sawa, basi shuku tafsiri yako ya Kiswahili. Umeandika "Natamani ningejiheshimu zaidi." Mtaani anayejiheshimu ni yule asiyelewa ovyo, anayevaa nguo za heshima, asiyejibizana na wakubwa. Shosho akikubali, amekuambia anataka kuwa mtu wa adabu zaidi, nawe unamkata alama! "Sina mengi ya kujivunia" nayo ina mitego miwili. Kujivunia kunanuka majivuno, na mtu wa kanisani hataki kuonekana nayo. Halafu anayejithamini inabidi akatae sentensi inayokataa, "sikubali kwamba sina", na hapo wengi hutia tiki upande usio wao. Jaribu "Nikijitazama, naona machache ya kunifurahisha." Watafiti Schmitt na Allik, walipolinganisha nchi 53 mwaka 2005, waliona kwamba sentensi za upande hasi zilieleweka tofauti nchi hadi nchi. Kwa hiyo kabla ya kupiga chapa, keti na watu 8 hivi wa kila rika, kila mmoja akueleze sentensi kwa maneno yake. Kumwomba mwalimu wa Kiswahili apitie sarufi hakutoshi. Sarufi yako haina shida.

Tena, vijana walijaza wenyewe, mashosho walisomewa na msichana wa miaka ishirini na kitu. Nani atajisifu mbele ya mjukuu? Wote wasomewe, kila mtu awe na kadi ya miduara 4 kutoka mdogo hadi mkubwa, atie alama mwenyewe bila kutamka, na msomaji atazame kando.

Kuhusu umri wenyewe, mtafiti Orth na wenzake (2018) walijumlisha sampuli 331 za watu waliofuatiliwa kwa muda, zaidi ya 164,000. Kujithamini kulipanda kati ya miaka 4 na 11, kukatulia hadi 15, kukapanda sana hadi 30, kisha polepole hadi 60. Kulibaki hapo hadi 70, kukashuka kidogo hadi 90, halafu kwa kasi zaidi. Kwa hiyo shosho wa miaka 65 kuwa chini ya kijana wa 16 ni jambo la kukushtua, na la kwanza kulishuku ni kifaa chako. Isitoshe, hao ni watu wa vizazi viwili. Tofauti yao inaweza kutoka kwenye malezi na shule, si umri.

Na wale watoto wa gredi ya pili unaotaka kuwapa hojaji hii pia, waondoe kabisa; watoto wana vipimo vyao. Kwa miaka 4 hadi 7 kuna kipimo cha picha cha Harter na Pike. Kuanzia 8 kuna cha Harter cha 1985, kinachotenganisha masomo, marafiki, michezo, sura na tabia, kisha thamani ya jumla. Mtoto huchagua kwanza anafanana na watoto gani kati ya makundi mawili, ndipo aseme ni kweli kabisa au kiasi.

Kwenye ripoti andika tu kwamba waliosomewa walipata alama za chini kuliko waliojaza wenyewe. Ukirudia, wape watu namba badala ya majina ili uwapate walewale mwaka ujao, na wa chini ya miaka 18 mzazi atie sahihi kabla hujagawa karatasi.